Njia ya Hewa na Fundi Wake

Barabara itokayo Mtwara mjini kwenda Msimbati hupita Madimba, penye mtambo wa kusafishia gesi asilia, kisha huingia kwenye minazi na mikorosho mpaka udongo unakwisha na mchanga unaanza. Mbele zaidi, kuelekea Ruvula, gari hupita ufukweni kwenyewe maji yakiwa yamekupwa, juu ya mchanga ulioshikana kwa unyevu. Wageni hulistaajabia jambo hilo, na macho yao huenda kwenye matairi. Hawakosei, maana asiyepunguza upepo wa matairi hafiki mbali. Ila kuna sehemu nyingine ya gari ambayo haitazamwi na mtu: tundu ambalo injini huvutia hewa, pamoja na bomba, boksi la chujio na mpira vinavyoifikisha hewa hiyo kwenye silinda. Kuiboresha njia hiyo ni ufundi kamili, nami nausifu bila kusita. Nasema pia kwamba katika mwambao huu wa Ruvuma, fundi mzuri wa njia ya hewa hatambuliwi kwa wingi wa hewa aliyoifungulia mlango. Hutambuliwa kwa hali ya hewa hiyo inapofika ndani: imepoa, ni kavu, na haina mchanga.

Tuanze na hesabu, kwa sababu wengi hudhani injini hula mafuta tu. Ili petroli iungue sawasawa, kilo 1 yake hudai takriban kilo 14.7 za hewa. Kwa ujazo, lita 1 ya petroli humaliza zaidi ya lita 9,000 za hewa. Chukua injini ya 1HZ ya Toyota, dizeli ya silinda 6 na ujazo wa lita 4.2, isiyo na turbo, iliyomo katika Land Cruiser nyingi ambazo Watanzania huziita mkonga kwa sababu ya bomba lile linalopanda ubavuni mwa kioo cha mbele. Ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, humeza zaidi ya lita 3,000 za hewa ndani ya dakika hiyo. Mafuta hayana taabu kuongezwa: fundi pampu akigusa skrubu, yanamiminika zaidi. Lakini mafuta yasiyopata hewa ya kuyaunguza hayageuki nguvu. Hutoka nyuma yakiwa moshi mweusi, na mwenye gari huwa amenunua moshi kwa bei ya dizeli. Anayeweka mpaka wa nguvu za injini ni hewa. Kwa hiyo kijana anayetaka gari lake lipumue vizuri ili livute vizuri ameshika jambo la msingi kabisa, na wanaomcheka kwamba anatafuta mbwembwe wanamwonea.

Kosa huanza pale upana wa tundu unapofanywa kuwa ndio jibu lote. Hewa ikipata joto hutanuka, na iliyotanuka hubeba oksijeni kidogo katika ujazo uleule. Hewa ya nyuzi 60 za Selsiasi ni hafifu kuliko ya nyuzi 30 kwa karibu asilimia 9, na chini ya boneti nyuzi 60 si ajabu. Sasa fikiria gari linalopita mchanga mlaini wa Msimbati saa saba mchana. Liko gia ya chini, injini inanguruma kwa mizunguko mingi, ila mwendo wenyewe ni wa mtu anayetembea kwa miguu. Ule upepo wa mwendo ambao kwenye lami hupoza kila kitu haupo. Feni inausukuma moto wa rejeta nyuma, juu ya injini. Ndiyo saa injini inapohitaji hewa nyingi kuliko kawaida, na ndiyo saa hewa iliyo karibu nayo inapokuwa mbovu kuliko kawaida. Aliyeng'oa boksi la kiwandani akafunga chujio la koni, wazi, pembeni mwa injini, ameipa injini mdomo mpana ndani ya tanuri. Sauti ya uvutaji itapanda, na masikio yatasadiki kwamba nguvu zimepanda nazo, hali mchanga utatoa ushahidi mwingine. Mkonga hufanya kinyume. Mdomo wake uko usawa wa paa, nje ya joto, unapopita upepo wa bahari. Ni kweli bomba lake ni refu, na urefu huongeza ukinzani kidogo. Lakini bomba pana lenye kona chache hupunguza hasara hiyo, na hewa iliyopoa hufidia iliyobaki.

Baada ya joto kuna mchanga, na hapa ndipo ninapoiona thamani kubwa zaidi ya ufundi huu. Mchanga si wa aina moja. Ule mweupe uliosagika kutoka kwenye matumbawe ni laini kiasi. Lakini mto Ruvuma hushusha mchanga wa bara, na barabara za vumbi za uwanda wa Makonde, zinazotimuliwa na malori msimu wa korosho unapofika, zina chembe za silika. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, chenye ngazi 1 mpaka 10, silika hiyo iko ngazi ya 7, juu ya chuma cha silinda. Chembe unayoiona kwa macho haitishi, maana hata chujio duni huizuia. Hatari iko kwenye vumbi la maikroni 5 hadi 20 hivi, jembamba kuliko unywele mara kadhaa, linalochanganyika na oili kati ya ringi na ukuta wa silinda na kuvisaga kila pistoni inapopanda na kushuka. Halina kishindo. Ringi hulegea, mgandamizo hushuka, oili huanza kupungua bila kuvuja popote, gari huwa gumu kuwaka asubuhi, na hatimaye mwenye gari huambiwa habari za oveholi akidhani ni uzee. Katika jambo hili asilimia ndogo ina uzito mkubwa. Chujio linalozuia asilimia 99 ya vumbi na jingine linalozuia asilimia 97 yanaonekana yanalingana, kumbe la pili linapitisha vumbi mara 3 zaidi ya la kwanza.

Watangulizi wa kazi hii walilijua hilo. Land Rover za zamani zilikuwa na chujio la oili: hewa ililazimishwa kugeuka ghafla juu ya bakuli lenye oili, vumbi likashindwa kugeuka nayo, likanasa humo. Lilioshwa likatiwa oili mpya na kurudi kazini hata mahali ambapo duka la vipuri lilikuwa safari ya siku nzima. Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalilionyesha somo hilohilo mbele ya dunia. Miaka ya 1990 viwanda vikubwa vilileta Kenya magari yao ya mashindano yakiwa yamefungwa mikonga, na tangu mashindano hayo yaliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, safari hii Naivasha penye vumbi laini kama unga, mikonga imeonekana tena. Wahandisi wenye fedha na maabara walilazimika kufika kwenye jibu ambalo fundi wa barabara za vumbi analo tangu zamani.

Tazama basi kazi yenyewe inavyofanywa na anayeijua. Kwanza hupima kwa karatasi ngumu aliyoikata kwa umbo la tundu, akaibandika kwenye madigadi, akafungua na kufunga boneti na mlango kuhakikisha hakuna kitakachogongana. Ndipo anatoboa, kwa tundu dogo kwanza. Ukingo uliokatwa huupiga tupa mpaka usikwaruze kidole, kisha huupaka rangi ya kuzuia kutu, siku ileile, kwa sababu chumvi ya Msimbati haingoji kesho. Halafu huja sehemu ambayo mteja haioni. Boksi la chujio la kiwandani lina matundu madogo chini ya kutolea maji. Yakiachwa wazi mkonga hauna maana, kwani gari likiingia kwenye maji injini itayavuta kupitia hapo, na maji hayagandamiziki: pistoni ikikutana nayo, kinachopinda ni konrodi. Mpira wa hewa wenye mikunjo huukunjua kwa vidole upande wa chini, ambako nyufa hujificha. Klampu huchagua zisizoshika kutu. Mwisho huwasha injini na kuuziba mdomo wa mkonga kwa kibao bapa. Injini ikizima, njia yote imeshikana; ikiendelea kunguruma, kuna mahali inavuta hewa ya wizi, na fundi wa kweli hapokei hela mpaka apapate. Naueleza mtihani huu kwa makusudi, kwa sababu ziko gari zenye mikonga ya kupendeza ambayo kwa ndani haijaunganishwa na chochote. Bomba limesimama nje, injini inaendelea kuvuta vumbi la chini ya madigadi kama zamani. Huo ni udanganyifu, na unawachafulia jina mafundi wanaofanya kazi kwa haki.

Wapo wenye hoja dhidi ya haya, na hoja zao zina uzito. Wa kwanza husema kwamba chujio la koni limepimwa kwenye mashine za kupimia nguvu za injini na likaonyesha ongezeko. Linaweza kuonyesha, boneti ikiwa wazi na feni kubwa ikilipulizia gari hewa ya chumbani. Kwa gari la mashindano ambalo injini yake hufunguliwa mara kwa mara, ongezeko dogo la namna hiyo lina faida. Gari la kubebea samaki na abiria kati ya Msimbati na Mtwara halifunguliwi injini kila mwezi. Nguvu zake zinapaswa kupimwa kwa miaka. Wa pili huleta utafiti: mwaka 2009 maabara ya Oak Ridge huko Marekani ilipima magari ya petroli yanayoongozwa na kompyuta na kuona kwamba chujio lililoziba halikuongeza ulaji wa mafuta kwa kiasi cha maana, ila lilipunguza wepesi wa kuchapuka. Basi kwa nini tuhangaike? Nauheshimu utafiti huo, nao unanisaidia. Uliuliza habari ya chujio kuziba. Haukuuliza habari ya chujio kupitisha vumbi, na hilo la pili ndilo linaloua injini. Tena chujio la karatasi lililoanza kushika vumbi hunasa vizuri kuliko jipya, kwani vumbi lenyewe huzidi kuvibana vitundu vyake. Desturi ya kulitoa kila wiki na kulipuliza kwa kompresa kwa nguvu zote, mpaka karatasi inachanika mahali pasipoonekana, ni bidii inayodhuru. Fundi anayemwambia mteja aliache chujio lake kwanza, lisiguswe, anastahili kusikilizwa kuliko anayelipuliza.

Hoja ya fedha ni nzito zaidi. Mkonga wa kiwandani una bei, na mwenye Noah ya kubeba abiria hawezi kuambiwa aanze na mkonga. Nakubali. Lakini sehemu kubwa ya maboresho niliyoyasifu haihitaji kununua bomba: kurudisha boksi la kiwandani lililong'olewa, kubadili mpira uliopasuka, kuhakikisha kingo za chujio zimekaa pande zote, kulielekeza tundu la kuvutia mbali na rejeta. Vitu hivi ni vya bei ndogo, vikifanywa na mkono unaojua. Kuna pia wanaohofia kwamba kuyapa magari uwezo ni kuyaalika ufukweni, ndani ya eneo ambalo tangu mwaka 2000 ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, na ambako kasa hupanda kutaga. Hofu hiyo naishiriki. Dereva abaki kwenye mchanga wenye unyevu, asipande juu wanapotaga, hata kama injini yake inaweza.

Ardhi ya Msimbati yenyewe ina neno katika mjadala huu. Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982, na tangu 2015 husafirishwa kwa bomba la zaidi ya kilomita 500 mpaka Dar es Salaam, ambako bajaji na magari madogo mengi yamegeuzwa yatumie gesi. Gesi asilia huchanganyika na hewa kwa ujazo wa takriban 1 kwa 9.5, na katika mifumo mingi huingia kupitia njia ileile ya hewa, ikiishika nafasi ambayo zamani ilikuwa karibu yote ya hewa. Injini inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya pumzi yake, na madereva hulalamika kwamba gari limekuwa zito kupanda mlima. Wengi huilaumu gesi na kurudi kwa fundi wa gesi. Gari lililopoteza moja ya kumi kwa sababu isiyoepukika haliwezi kuongezewa hasara ya chujio lililoziba na bomba linalovuta joto. Kwa hiyo wa kumwendea kwanza ni fundi wa njia ya hewa.

Tatizo ni malipo. Oveholi ina gharama inayoonekana, vipuri vyake huwekwa mezani, na fundi wake hupewa heshima. Aliyeifanya oveholi isihitajike kwa miaka mingine hana cha kuweka mezani, na wateja humpunja wakidhani amefunga bomba tu. Dawa yake ni mteja kujifunza kukagua. Baada ya safari chache za vumbi, afungue mpira wa hewa upande wa injini, baada ya chujio, apitishe ndani kitambaa cheupe mpaka mwisho wa kidole. Kikitoka na alama ya vumbi, gari lirudi gereji siku hiyohiyo na kazi irudiwe bila malipo. Kikitoka cheupe, amlipe fundi bei aliyoitaja, asimwombe kupunguza.