Mkono wa Mwalimu na Mkono wa Mtoto

Katika masomo ya shule zetu, hakuna linalodharauliwa kama somo la kuchora. Huwekwa mwisho wa juma, watoto wamechoka na mwalimu amechoka kuliko wao. Husemwa kwamba hatuna karatasi wala rangi. Sisi twaona kosa kubwa haliko huko. Kosa letu walimu ni kwamba twafundisha kuchora pasipo kuutazama umri wa mtoto.

Desturi yajulikana. Mwalimu huchora chungu ubaoni, kisha watoto wote, wa darasa la kwanza na wa darasa la sita, huamriwa wakichore vivyo hivyo. Afuataye mstari husifiwa. Aendaye kando huchekwa. Nasi tumelitenda jambo hilo. Mtoto mmoja wa darasa la kwanza alituletea kibao amechora nyumba yao, na ndani yake, kana kwamba ukuta haupo, alikuwamo mama penye mafiga, na mbuzi, na mtu amelala. Tukacheka, tukafuta, tukamchorea nyumba ya kweli, yenye mlango na dirisha. Tangu siku ile hakuchora nyumba nyingine ila ile yetu.

Miaka mingi baadaye tulisoma kitabu cha Viktor Lowenfeld, mwalimu wa Austria aliyehamia Marekani. Kilitolewa mwaka wa 1947, nacho chaeleza jinsi mtoto akuavyo katika akili na katika kubuni. Asema kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 4 huvuruga mistari tu, kwa furaha ya mkono wake. Toka 4 hadi 7 huchora mtu, kichwa chenye miguu. Toka 7 hadi 9 hupata namna yake ya kuchora kila kitu: nchi ni mstari chini, mbingu ni mstari juu, na yaliyomo nyumbani huonekana kwa nje. Hapo tulimkuta mtoto wetu, tukaona haya. Hakukosea. Alichora alijualo, si alionalo kwa jicho. Naye alijua kwamba nyumba ni watu waliomo, wala si mlango na dirisha.

Kitabu hiki twakisifu, lakini hatukipokei chote. Kwanza, miaka ile isishikwe kama sheria. Mtoto aliyepewa kalamu angali mchanga na mtoto aliyeishika mara ya kwanza siku ya kuingia shule hawawezi kupimwa kwa kipimo kimoja. Pili, mwandishi ameonya kwa nguvu juu ya kuigiza, hata wako waliomsoma wakadhani kwamba mwalimu mwema ni yule anyamazaye. Hilo ni kosa la upande wa pili. Mtoto afikapo miaka 11 au 12 huilinganisha picha yake na vitu vyenyewe, akaidharau. Ajapo kwetu akisema, "Mwalimu, ng'ombe wangu kama meza," tukimjibu, "Chora upendavyo," tumemnyima chakula wakati wa njaa. Wengi huiacha kalamu hapo, wasiishike tena maisha yao yote.

Wazee husema, "Udongo uwahi ungali maji." Ni kweli. Walakini mfinyanzi mwenye akili hakitii motoni chungu kingali kibichi, maana kitapasuka. Kila kazi ina saa yake.

Kwamba mkubwa aweza kufundishwa pasipo kugeuzwa mwigaji, twamwona shahidi karibu. Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa Makerere, Uganda, mwaka wa 1937, akawahimiza wanafunzi wachore maisha ya kwao. Mmoja wao, Sam Ntiro wa Machame, Kilimanjaro, alikwenda kusoma zaidi London. Hata hivyo picha zake zilibaki na migomba na watu wa mlimani. Picha yake ya mwaka wa 1956, ya watu wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku, imo katika jumba la sanaa la New York. Elimu haikumwondolea kwao.

Basi, ndugu walimu, twashauri hivi. Mdogo apewe mkaa, chokaa, udongo mwekundu na nafasi, naye mwalimu aulize asicheke. Wa kati apewe habari za kuchora: mavuno, soko, mvua. Mkubwa apelekwe zizini amtazame ng'ombe goti lake likunjwapo, aonyeshwe jinsi kilicho mbali kionekanavyo kidogo, afundishwe kuchanganya rangi. Nanyi wazazi, msiufute ukuta kabla ya kuutazama.

Kama mtoto yule angetuletea kibao chake leo, tungemwuliza neno moja tu: "Na huyu aliyelala ni nani?" Huenda alikuwa mgonjwa. Hatukuuliza.