Ghiliba ya Mkombozi katika The Moon Is a Harsh Mistress

Katika bunilizi za kisayansi zinazosawiri ukoloni wa anga, ghiliba huhusishwa kwa kawaida na mtawala. Mfano bayana ni The Word for World Is Forest (1972) ya Ursula K. Le Guin, ambamo wenyeji wa sayari ya Athshe wanafanywa watumwa huku kazi yao ikiitwa rasmi kazi ya hiari. Robert A. Heinlein, katika The Moon Is a Harsh Mistress (1966), anazua suala gumu zaidi, kwani anayeghilibu ni mkombozi.

Riwaya inaanza mwaka 2075, Mwezi ukiwa koloni la wafungwa na vizazi vyao, wanaolima nafaka ya kulisha Dunia. Mannie, fundi wa kompyuta, Wyoming Knott na Profesa Bernardo de la Paz wanapanga mapinduzi wakisaidiwa na Mike, kompyuta iliyopata fahamu. Sababu yao ni nzito: Mike amekokotoa kwamba nafaka ikiendelea kusafirishwa, njaa haitaepukika. Hata hivyo, njia waichaguayo ni hadaa. Mike anapewa jina la Adam Selene, kiongozi mwenye sauti na sura ya kwenye skrini lakini asiye na mwili. Watu wanamfuata, na inapotangazwa kwamba amekufa wakati wa uvamizi, wanampoteza shujaa ambaye hakuwahi kuzaliwa.

Hadaa haiishii kwa umma. Mannie na Profesa wanapokwenda Duniani kudai uhuru, Mannie anadhani wamekwenda kujadiliana. Baadaye anatambua kwamba Profesa alitaka mazungumzo yavunjike ili watu wa Mwezini waungane kwa hasira. Hata kukamatwa kwake huko Kentucky kwa sababu ya ndoa yake ya wake na waume wengi kulipangwa na wenzake. Hapa ndipo uteuzi wa msimulizi unapopata uzito. Mannie, anayesimulia kwa nafsi ya kwanza, analalamika kisha anasamehe, maadamu mapinduzi yamefaulu. Msomaji, asiye na macho mengine ila ya Mannie, husamehe pamoja naye. Usimulizi wenyewe, basi, humfanyia msomaji kile ambacho Adam Selene anawafanyia wananchi.

Yawezekana kudai kwamba mnyonge hana silaha ila hila, kama hadithi za Sungura zinavyofunza. Hoja hiyo ina mashiko, ila Sungura kwa kawaida humhadaa Simba au Fisi, yaani anayemzidi nguvu. Kina Profesa wanawahadaa wale wale wanaodai kuwakomboa.

Mwishoni Profesa amefariki, Mike amenyamaza, na serikali mpya imeanza kuwabana watu kwa kanuni ambazo Profesa alizichukia, hata Mannie anawaza kuhama Mwezini. Heinlein anaelekea kuulaumu uraibu wa binadamu wa kutunga sheria. Matini yenyewe, hata hivyo, yanatoa sababu nyingine: umma uliozoezwa kufuata sauti isiyo na mwenyewe haukupata fursa ya kujifunza kuhoji. Riwaya inafaulu kuonyesha jinsi koloni linavyoweza kujitoa mikononi mwa mtawala wa mbali. Inashindwa kukiri kwamba wananchi wake hawakuulizwa wala kabla ya uhuru wala wakati wa kuupata, na kwamba kimya hicho ndicho walichorithi.