Mchujo wa Wachezaji: Machozi na Hesabu

Msomaji wangu, iko michezo ambayo hukumu yake nzito hutolewa kabla ya shindano la kwanza. Mmojawapo ni mpira wa Kimarekani, ambao huchezwa zaidi kwa mikono kuliko kwa miguu. Ligi yake kuu, NFL, ina timu 32. Kila timu huingia kambini na wachezaji wapatao 90, na mwishoni mwa Agosti hapana budi wabaki 53. Piga hesabu mwenyewe, utaona kwamba katika ligi nzima wanaoondolewa hupata zaidi ya elfu moja.

Kipindi cha televisheni kiitwacho Hard Knocks, kilichoanza mwaka wa 2001 kwa habari za timu ya Baltimore Ravens, huonyesha maisha ya kambi hizo. Humo twamwona kijana akiitwa ofisini, akishikwa mkono, kisha akiondoka na mfuko wake. Kipindi hiki chastahili sifa, kwa kuwa watu hupenda kutazama washindi tu, nacho huwapa wanaoondoka nafasi ya kuonekana na kusikika.

Walakini kina kasoro. Machozi hupewa muda mwingi, na hesabu hupewa muda mchache. Basi mtazamaji hutoka akiamini kwamba aliyebaki ni hodari na aliyeondolewa ni dhaifu. Sivyo hata kidogo.

Tazama jinsi shauri hilo linavyokatwa. Kwanza, meneja mkuu na makocha hawawapangi watu kwa ubora, toka wa kwanza hata wa 53. Hugawa nafasi kwa kazi. Mchezaji mwema katika kazi iliyojaa watu huondoka, na aliye chini yake katika kazi iliyopungukiwa hubaki. Pili, mchezaji wa akiba lazima afae pia wakati mpira unapopigwa teke, aweze kukimbia na kukaba. Tatu, iko fedha. Mishahara ya timu ina kikomo, na kijana aliyechaguliwa mapema aghalabu ameahidiwa fedha ambazo atalipwa hata akiondolewa. Kwa hiyo huvumiliwa zaidi ya mwenzake. Nne, mchezaji mchanga akiachwa, timu nyingine zaweza kumdai, na iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita hutangulizwa. Asipodaiwa, aweza kurudishwa katika kikosi cha mazoezi. Kwa sababu hiyo, pengine huachwa yule anayedhaniwa kuwa hapana atakayemtaka.

Ushahidi upo. Mwaka wa 1955 Pittsburgh Steelers walikuwa na warushaji wa mpira wanne kwa nafasi tatu. Aliyeachwa alikuwa Johnny Unitas, ambaye hakupewa nafasi ya kurusha mpira hata mara moja katika michezo ya majaribio. Alicheza katika timu ndogo kwa dola 6 kwa kila mchezo. Mwaka uliofuata Baltimore Colts walimchukua, naye akawaongoza kutwaa ubingwa wa 1958 na wa 1959. Hata Daniel Adongo, Mkenya aliyetoka katika raga na kujiunga na Indianapolis Colts mwaka wa 2013, alianzia kikosi cha mazoezi, akapandishwa mwezi wa Desemba.

Sisemi kwamba kila aliyeondolewa alidhulumiwa. Wengi hawakutosha, na timu haina budi kuchagua. Nalaumu masimulizi yanayotuonyesha mlango wa kutokea bila ya kutueleza vya kutosha sababu za kuondoka. Kisa cha kusikitisha chaweza kusimuliwa kwa ukweli mtupu, na bado kikamfunza mtazamaji jambo lisilo sawa.

Basi, ukitazama kipindi hicho, au ukisoma orodha yoyote ya waliochaguliwa na walioachwa, uliza swali moja kabla ya kuhukumu: je, mtu huyu alishindwa kazi, au alikosa nafasi? Mambo hayo mawili hufanana kwa machozi yake, lakini hayafanani kwa maana.