Hongera kwa Walinzi wa Boma la Iringa

Pongezi hizi ziwafikie watu wa mradi wa urithi wa Fahari Yetu na Chuo Kikuu cha Iringa. Boma la Wajerumani, lililokuwa ofisi ya serikali kwa miaka mingi, walilikarabati, na mwaka 2016 likafunguliwa kuwa makumbusho ya mkoa. Kuta zilizojengwa na waliompiga vita Chifu Mkwawa wa Wahehe leo zinatunza vyombo na historia ya Wahehe na majirani zao. Hilo linanifurahisha mno! Kalenga, ambako Chifu Adam Sapi alikabidhiwa fuvu la babu yake Mkwawa mwaka 1954, kuna makumbusho pia, ila ni nje ya mji. Boma liko mjini, mwanafunzi anafika kwa miguu. Natamani Mbeya nayo ipate watu kama hawa, majengo yake ya kale yangali yamesimama.