Kumchambulia Babu Samaki

Kwetu sifa ya mpishi hupatikana kwenye pilau ya harusi. Watu wakishanawa mikono huulizana nani alishika mwiko, na jina lake likavuka mtaa. Mpishi wa makao ya wazee, iwe Sebleni kule Unguja au Njoro kule Moshi, hana shughuli ya kumtangaza. Ana asubuhi, mchana na jioni, kwa walaji walewale, nao ni wagumu kuliko wageni wa harusi. Wengi walikuna nazi na kuchuja tui kabla yeye hajazaliwa. Bibi wa namna hiyo humdanganyi kwa tui jepesi ukamwambia ni zito.

Kwangu mimi, hakuna upishi unaodai ufundi zaidi ya huu, na ufundi wenyewe ni kulainisha chakula bila kumfanya mtu mzima mtoto.

Uzee huja na masharti yake jikoni. Pua hufifia, na pua ikififia ulimi nao haupati ladha kamili. Meno yamekwisha, mate yamepungua, na aliyewahi kupata kiharusi huweza kupaliwa hata na maji. Huyu ana sukari, yule ana presha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Ulimi unadai chumvi, daktari kaikataza, na mpishi kasimama katikati. Aliye mvivu hupondaponda kila kitu kikawa rojo moja lisilo na jina. Aliye hodari hukamua ndimu, hutwanga tangawizi na kitunguu saumu, hukaanga bizari mpaka harufu ifike barazani kabla ya sahani.

Tena anajua kwamba wahenga walishamrahisishia kazi. Bokoboko ni ngano na nyama zilizopikwa na kusongwa mpaka nyama ikapotelea ndani ya ngano, juu yake samli. Huliwa sikukuu na watu wenye meno yote. Mtori wa Wachaga ni ndizi zilizopondwa ndani ya supu ya nyama, na mzazi hupewa arudishe nguvu. Hivyo ni vyakula laini tangu asili. Anayevila hajioni mgonjwa.

Kazi ya macho na vidole iko kwenye samaki. Changu akishaiva, mpishi humvua ngozi, humfungua katikati, huondoa uti wa mgongo, kisha hupitisha ncha za vidole taratibu kwenye minofu ya tumbo, ambako miiba myembamba hujificha. Hurudia tena, safari hii akiibonyeza minofu kwenye sahani nyeupe. Kwa baadhi ya wenye shida ya kumeza, vipimo vya kimataifa vinataka chembe zisizozidi milimita 4 kwa upana, karibu sawa na nafasi kati ya meno ya uma. Akimaliza, huirudisha minofu katika umbo la samaki na kuimwagia tui zito la ukwaju. Mzee akitazama, anaona samaki wa kupaka.

Sahani zikirudi, mpishi huzikagua. Mchicha ulioachwa mabua unamwambia hakuchagua majani machanga. Uji uliobaki nusu ulifika umepoa. Mzee asiyegusa chakula mara mbili mfululizo si wa kulaumiwa. Ni wa kupelekewa muuguzi, na mara nyingine habari hiyo hutoka jikoni kwanza.

Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Kwa mpishi huyu methali hiyo ni ratiba ya kazi: sifa ya jana haimshibishi mtu leo. Vyuo vyetu vya hoteli vinawafundisha vijana kupamba sahani ya mtalii atakayekaa siku tatu. Viwafundishe pia kumchambulia babu samaki, na anayeiweza kazi hiyo alipwe kama fundi.