Kumsoma Kompaila

Katika kazi zote za mwandishi wa programu, ninayoiheshimu zaidi ni ile ambayo mteja haioni kamwe: kumsoma kompaila anapolalamika jambo lisilo na kichwa wala miguu.

Tuseme kijana wa Same anaandika kwa Java programu ya kupokea tangawizi inayoshushwa kutoka Mamba Myamba. Klasi mama imetaja methodi pokea(Date) bila kuipa mwili, kila klasi mtoto sharti iandike ya kwake. Kijana ameiandika, ipo, anaiona. Kompaila anashikilia kwamba haipo, tena kidole anakielekeza kwenye kichwa cha klasi, mbali na kosa. Asiyeizoea kazi atahesabu mabano, atazima mashine na kuiwasha, mwishowe ataitukana Java.

Fundi hupanda juu ya faili, kwenye mistari ya import. Ukiita "Mbwambo" katika ofisi yoyote ya Same, huenda wakaitika zaidi ya mmoja. Na Java nayo ina Date ya java.util na Date ya java.sql. Klasi mama imechukua ya kwanza, mtoto kachukua ya pili. Kwa kupenda ufupi, kompaila amekata jina kamili, kwa hiyo ujumbe unasema Date tu na jicho linaona Date kotekote. Ya pili imerithi ya kwanza, ni kweli, lakini kwenye paramita undugu hausaidii: aina lazima iwe ileile.

Ndiyo maana napenda @Override, alama ya kutangaza kwamba methodi inachukua nafasi ya ile ya klasi mama, iliyokuja na Java 5 mwaka 2004. Ukiiweka juu ya methodi, kompaila hulalamikia mstari wenyewe. Wavivu huiona pambo. Basi waandike equals(Mkulima) pale ilipotakiwa equals(Object), bila alama hiyo: kompaila hasemi neno, programu inawaka vizuri, na HashSet, orodha isiyotakiwa kurudia kitu, inampokea mkulima mmoja mara mbili. Hapo hakuna ujumbe wa kusoma, hata wa kupotosha. Kuna karani tu anayeuliza kwa nini orodha ya malipo ni ndefu kuliko foleni ya mizani.