Kabla ya Spana

Gari lililozimika barabarani humpa fundi kazi inayoeleweka: haliwaki, na sababu zake zinahesabika. Gari linalokwenda vizuri hadi kilomita 90 kwa saa, kisha likaanza kuvuma na kutetemeka likikaribia 110, ni mtihani wa aina nyingine. Likifika gereji limesimama, limetulia, halina cha kuonyesha, maana ugonjwa wake uko kwenye mwendo. Hapo ndipo wengi huanza kubahatisha: matairi mapya, halafu beringi, halafu maunti za injini, halafu propela shafti nzima. Mwisho wa mwezi mwenye gari ana rundo la vipuri vya zamani ambavyo vilikuwa vizima, na mtetemo uko palepale. Nataka kumsifu fundi mwingine, yule anayechelewa kushika spana.

Tumtazame akiwa na Datsun 240Z. Gari hili halina haja ya kutambulishwa Afrika Mashariki. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally mwaka 1971, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda nalo tena akiwa na Lofty Drews. Injini yake ya lita 2.4 ina silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, mpangilio ambao kwa asili yake hujisawazisha: pistoni zinazopanda hufuta msukosuko wa zile zinazoshuka. Ulaini huo ni sifa, na pia ni mtego. Injini ikitulia kiasi hicho, kila kasoro iliyo nyuma yake husikika.

Na nyuma yake kuna vitu vingi vinavyozunguka. Nguvu hutoka kwenye giaboksi, hupita kwenye propela shafti iliyolala chini ya sakafu, huingia kwenye difu, kisha hugawanywa kwa shafti mbili fupi zinazoendesha magurudumu ya nyuma. Kila ncha ya shafti hizo fupi ina krosi, ule msalaba wa chuma wenye vikombe vinne vya beringi, na propela nayo ina krosi mbele na nyuma. Viungo sita, shafti tatu, magurudumu manne. Chochote kati ya hivyo kinaweza kuwa mkosaji, na vyote humfikia dereva kama malalamiko mamoja: gari linatetemeka.

Fundi wetu hayakubali malalamiko hayo kama yalivyo. Anaanza na hesabu. Tairi la gari hili lina mzingo wa takriban mita 2. Kwa kilomita 110 kwa saa gari hula mita 30 na ushei kila sekunde, kwa hiyo gurudumu huzunguka kama mara 15 kwa sekunde. Difu la magari ya giaboksi ya gia nne yaliyouzwa Marekani lina uwiano wa 3.36, maana yake propela huzunguka zaidi ya mara tatu kila gurudumu linapozunguka mara moja: kama mara 52 kwa sekunde. Tayari amepata majina mawili. Mtikisiko wa mara 15 kwa sekunde ni wa gurudumu, na mwili huutambua kama kutikiswa. Mtetemo wa mara 52 ni wa propela, na mwili huupokea kama mvumo unaopanda kutoka sakafuni hadi kwenye kiti.

Kisha kuna tabia ya krosi. Kiungo hiki kinabeba jina la Mtaliano wa karne ya 16, Gerolamo Cardano, na Mwingereza Robert Hooke alikichunguza karne iliyofuata. Shafti inayoingia na inayotoka zikiwa na pembe kati yao, ile inayotoka haizunguki kwa mwendo sawa. Hukimbia kidogo na kuchelewa kidogo, mara mbili katika kila mzunguko. Tiba yake ni kuweka krosi mbili kwenye shafti moja, zikiwa zimepangwa sambamba na zenye pembe zinazolingana, ili ya pili ifute makosa ya ya kwanza. Pembe zikipishana, makosa hayafutiki, na gari hutetemeka mara mbili kwa kila mzunguko. Kwa hiyo mvumo wa mara 104 kwa sekunde humwambia fundi aangalie pembe za propela. Mtetemo wa mara 31 humpeleka kwenye zile shafti fupi za nyuma, kwa kuwa zinazunguka kwa mwendo wa gurudumu. Zamani tofauti hizi zilisomwa kwa makalio na viganja tu. Leo simu iliyofungwa vizuri kwenye reli ya kiti huweza kuzionyesha kwa namba, lakini namba hizo hazimsaidii asiyejua ni za nani.

Baada ya hesabu huja barabara. Fundi anatafuta mahali penye nafasi, anaufikia mwendo unaoleta mtetemo, kisha anakanyaga klachi na kuacha gari liteleze. Injini inashuka, magurudumu na shafti zinaendelea. Mtetemo ukibaki, injini imejitoa kwenye kesi. Jaribio hili lina uzito wa pekee hapa, kwa sababu kwenye gia ya nne ya ile giaboksi ya gia nne injini na propela huzunguka kwa kasi moja, na mtu anaweza kumshtaki mmoja kwa kosa la mwenzake. Kisha anarudi kwenye mwendo uleule kwa gia ya tatu: injini sasa inazunguka haraka zaidi, propela haijabadilika. Mvumo usipobadilika, ushahidi umetimia. Tena anakanyaga mafuta, kisha anaachia. Mtetemo unaotokea gari likivuta tu humwelekeza kwenye maunti ya mbele ya difu. Mpira wake ukichoka, pua ya difu huinuka wakati wa kuvuta, na pembe ya krosi hubadilika papo hapo. Waliounda gari hili waliijua tabia hiyo, ndiyo maana wakaweka mkanda juu ya pua ya difu kuizuia isipande mno.

Hadi hapa hakuna nati iliyofunguliwa. Washukiwa zaidi ya kumi wamebaki wawili au watatu, na gharama yake ni mafuta kidogo ya petroli. Uzuri wa ufundi huu naona uko hapo: kila swali limeundwa ili jibu lolote litakalotoka liondoe mtu kwenye orodha.

Ndipo gari linapandishwa juu, na hata hapo pana mtego. Magurudumu ya 240Z yananing'inia kila moja kivyake, na gari likiinuliwa kwa bodi yanashuka chini. Zile shafti fupi hupata pembe ambazo barabarani hazina, nazo huanza kutetemeka kwa sababu yao wenyewe. Fundi mwenye haraka ataiwasha injini, ataona mtetemo, na atalaumu krosi nzima. Mwenye subira huweka stendi chini ya mikono ya suspensheni, ili magurudumu yakae kama yalivyo gari likiwa ardhini.

Kisha macho na vidole. Anatafuta kijibati cha uzito kilichochomelewa kwenye propela kiwandani: kipo, au limebaki kovu tu? Anatafuta bonde lililoachwa na jiwe, tope lililokauka, rangi ya kuzuia kutu iliyopakwa upande mmoja. Vitu vidogo hivi si vidogo. Gramu 10 zilizokaa milimita 35 kutoka katikati ya shafti huvuta, kwa kilomita 110, kwa nguvu ya karibu kilo 4, na mvuto huo hugeuka mwelekeo mara 52 kila sekunde. Kwa kilomita 55 nguvu hiyo haifiki kilo 1, kwa kuwa hupungua mara nne kasi ikipungua nusu. Ndiyo sababu gari liko kimya mjini na lina kelele kwenye barabara kuu. Anatikisa kila krosi akisikiliza kama imelegea, na pia kama kuna sehemu inakwama, maana krosi iliyokauka grisi hutetemesha gari bila kulegea. Anachunguza pete zinazobana vikombe: zikitofautiana unene, krosi imehama katikati, na shafti nzima imehama nayo, hata kama kila kipuri ni kipya.

Mwisho huja kazi ya klampu, zile za kubania mipira ya maji. Anaigawa shafti sehemu nne kwa chaki, anafunga klampu kichwa chake kikiwa kwenye alama ya kwanza, anajaribu, anahamisha. Alama moja itaupunguza mtetemo kuliko nyingine. Hapo anaongeza klampu ya pili na kutanua vichwa viwili kidogo kidogo hadi mvumo unyamaze au ubaki mdogo. Mashine ya kusawazisha shafti ingefanya vizuri zaidi, na akiwa nayo jirani ataipeleka shafti huko. Lakini kabla ya kuifungua atapiga alama kwenye flanji na kwenye difu, ili irudi ilivyokuwa. Shafti iliyosawazishwa ikirudishwa imegeuzwa inaweza kumrudisha mwanzo.

Ufundi huu una adui, naye ni namna tunavyolipa. Mwenye gari hulipia kipuri kwa moyo mmoja kwa sababu anakishika mkononi. Akiambiwa alipie saa mbili za kuendesha, kusikiliza na kuhamisha klampu, anauliza: umebadilisha nini? Fundi naye anajifunza somo hilo upesi. Kubadilisha kunalipa, kujua hakulipi, basi abadilishe. Hivyo mteja anayekataa kulipia uchunguzi huulipia hata hivyo, kwa bei ya shafti mpya, krosi mpya na matairi manne asiyoyahitaji, na hata baada ya hapo hajajua gari lake lilikuwa na nini.

Basi risiti ya gereji iwe na mstari wa uchunguzi, wenye bei yake, na chini yake yaandikwe yaliyobainika: mtetemo ulianza kasi gani, uliendelea klachi ilipokanyagwa au la, nini kimeondolewa kwenye orodha na kwa nini. Mwenye gari atapata kitu cha kushika mkononi. Mwanagenzi atapata kitabu cha kujifunzia. Na fundi atalipwa kwa sehemu ya kazi iliyo ngumu kuliko zote.